Tasnifu ya Mambo ya Kale Si Hotuba ya Kujisifu

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa serikali wanaojisomea shahada ya kwanza huku wakiendelea na kazi.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya uandishi wa tasnifu ya shahada ya kwanza katika akiolojia, yaani elimu ya kuyachunguza maisha ya watu wa kale kwa vitu walivyoviacha ardhini. Miongoni mwenu wapo watakaoandika tasnifu ya namna hiyo. Wengine hamtaiandika kamwe, lakini mtaletewa barua na kijana aliyekuja wilayani kwenu kuifanyia kazi, naye atasimama mbele ya meza yenu akingoja mhuri na sahihi. Wengine mnafundisha historia katika shule za sekondari, na mengi mnayoyaandika ubaoni chanzo chake ni kazi za watu waliopiga magoti juani wakichekecha udongo. Kwa hiyo jambo hili latuhusu sote.

Nitasema neno moja tu, kisha nitajitahidi kulieleza. Thamani ya tasnifu ya mambo ya kale haitokani na ukubwa wa dai lake, bali na uaminifu wa ushahidi wake. Anayelijua jibu kabla hajauliza swali hajafanya utafiti, hata kama jibu hilo latupendeza sisi sote.

SOMO LA VIGAE

Tazameni historia ya mwambao wetu. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba miji ya mawe ya mwambao, kutoka Lamu hadi Kilwa, ilianzishwa na wageni waliotoka ng'ambo, na kwamba wenyeji walikuwa watazamaji na vibarua tu. Mwanaakiolojia Mwingereza, Neville Chittick, alianza kuchimba Kilwa Kisiwani mwaka 1958, na matokeo yake yakachapishwa kwa juzuu mbili mwaka 1974. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, na hadi leo hakuna anayeweza kuandika juu ya Kilwa bila ya kuipitia. Lakini alipochimba Manda, katika visiwa vya Lamu, Chittick aliamua kwamba mji ule uliasisiwa na watu wa Ghuba ya Uajemi. Alivutwa na majengo ya mawe, na vyombo vya kung'aa vilivyoletwa na majahazi.

Walakini, katika mahame mengi ya mwambao, vyombo hivyo vya kung'aa ni asilimia chache tu za vigae vyote vinavyotoka ardhini. Vingine vyote ni vya vyungu vya kupikia na mitungi ya maji, vilivyofinyangwa na wenyeji kwa udongo wa papo hapo. Kigae cha chungu cheusi kilichoungua moto hakivutii macho, wala hakiwekwi katika kabati la kioo. Lakini waliovishughulikia vigae hivyo kwa subira ndio waliougeuza mjadala mzima. Mark Horton, aliyechimba Shanga katika kisiwa cha Pate katika miaka ya 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti midogo ya miti, ya mwanzo ikiwa ya karne ya 8, na vyungu vya wenyeji vilifuatana kwa mapokeo yale yale tangu tabaka za chini. Mtanzania mwenzetu, Felix Chami, katika tasnifu yake ya udaktari iliyochapishwa Uppsala, nchini Sweden, mwaka 1994, alivifuatilia vyungu vyenye nakshi za pembetatu zilizochorwa kwa ncha kali. Akaonyesha kuwa asili yake ni vyungu vya wakulima na wahunzi wa Zama za Chuma za Mwanzo, watu waliokuwa wamekaa mwambao na bara kabla ya mji wowote wa mawe kujengwa.

Angalieni lililotokea, ndugu zangu. Historia ya umma mzima ilisahihishwa, na kilichoisahihisha si hotuba. Ni vigae vilivyookotwa, vikaandikwa namba, vikapangwa na kuhesabiwa.

Hapa ndipo hatari ya pili inapoingia. Kijana mwenye uchungu na nchi yake anaweza kudhani kwamba, maadamu wenzetu wa zamani walikosea upande mmoja, basi kazi yake yeye ni kusema kinyume chao kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 2023 kundi la wanasayansi, akiwamo mwanaakiolojia wa Kenya Chapurukha Kusimba, lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80, wengi wao wakiwa wa miji ya mwambao, waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Ilionekana kwamba wengi wao walikuwa wamerithi nusu au zaidi ya vinasaba vyao kutoka kwa wazazi wa Kiafrika, hasa wanawake. Sehemu kubwa ya urithi uliobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wenye asili ya Uajemi, na watu hao walianza kuchanganyika takriban mwaka 1000.

Matokeo hayo hayakumpa ushindi mshabiki wa upande wowote. Vigae hutueleza habari za jikoni, na vinasaba hutueleza habari za ndoa na uzazi, na hayo ni mambo mawili. Mwanafunzi aliyekuwa ameandika kwamba hapakuwapo mgeni yeyote ameaibika sawasawa na yule aliyeandika kwamba wote walikuwa wageni. Lakini mwanafunzi aliyeandika kwamba katika shimo fulani, la kipimo fulani, vigae 380 kati ya 400 vilikuwa vya vyungu vya wenyeji, sentensi yake imesimama jana, imesimama leo, na itasimama kesho. Huo ndio uandishi ninaouzungumzia.

SWALI LIWE DOGO

Kosa la kwanza la waandishi wa tasnifu ni kuchagua swali linalowazidi kimo. Chukueni mfano wa Rhapta. Maandishi ya Kiyunani ya karne ya 1, yanayoeleza safari za biashara katika Bahari ya Hindi, yanautaja mji huo wa soko katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Wataalamu wameutafuta kwa muda mrefu sana, kila mmoja na ramani yake, na bado hawajaafikiana. Mwanafunzi mwenye wiki tatu za likizo, fedha ya nauli na daftari moja, hawezi kuandika tasnifu yenye kichwa "Rhapta ilikuwa wapi?" Akijaribu, ataishia kunukuu hoja za wengine kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na yeye mwenyewe hataonekana popote.

Lakini anaweza kuuliza maswali mengine. Je, katika sanduku moja la vigae vilivyotoka katika shimo moja, nakshi zinabadilika kutoka tabaka la chini hadi la juu? Je, katika kata moja, vigae vya zamani vinapatikana karibu na visima na vijito, au mbali navyo? Je, zana za mawe zilizookotwa katika korongo moja zimechongwa kwa jiwe la mahali hapo, au kwa jiwe lililobebwa kutoka mbali? Maswali hayo ni madogo, nami nayasifu kwa udogo wake. Kila moja lina mpaka, na kila moja laweza kujibiwa kwa ushahidi ambao mwanafunzi ataushika kwa mikono yake mwenyewe.

Kipo kipimo rahisi cha kulijaribu swali. Mwanafunzi ajiulize: ni kitu gani nikikiona kitanionyesha kuwa nilichodhani si kweli? Akikosa jibu, alichonacho si swali bali ni imani. Imani ina mahali pake pa heshima, lakini mahali hapo si tasnifu.

Tena si lazima kila anayeandika achimbe. Kuchimba ni kuharibu: tabaka likishafukuliwa haliwezi kurudishwa lilivyokuwa, na kisichoandikwa siku ile kimepotea milele. Katika makumbusho na ghala za vyuo yamo masanduku ya vigae, mifupa na zana za mawe yaliyotokana na uchimbaji wa miaka iliyopita, na mengi yake hayajachambuliwa kikamilifu. Mwanafunzi anayeketi ghalani kwa mwezi mmoja akapima na kuchora yaliyomo katika masanduku manne anaweza kutoa kazi bora kuliko aliyefukua mashimo matatu mapya kwa haraka.

KITU NA MAHALI PAKE

Tuseme mwananchi mwema anakuletea shoka la jiwe alilolikuta shambani. Ni zuri, limechongwa pande zote mbili, na umbo lake ni kama la jani. Unamwuliza amelitoa wapi, naye anajibu: "Huko bondeni." Shoka hilo sasa ni kama shahidi aliyefika mahakamani bila jina wala makao. Laweza kutuambia jinsi lilivyochongwa, lakini haliwezi kutuambia lilikuwa pamoja na nini, wala juu au chini ya tabaka gani, na kwa hiyo ni vigumu mno kulijua umri wake.

Mwaka 1959 Mary Leakey aliligundua katika bonde la Olduvai fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus, na baadaye wataalamu wakaweza kusema kuwa lina umri wa takriban miaka 1,750,000. Umri huo haukusomwa katika mfupa wenyewe. Ulipimwa katika majivu ya volkano ya tabaka lile lile lililobeba mfupa. Kama fuvu lingeletwa mjini ndani ya kikapu, bila habari za mahali lilipotoka, lingekuwa fuvu la ajabu lisilo na wakati.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya mwanafunzi uwandani ni ya kuchosha, nayo haina namna ya kufupishwa. Shimo la majaribio la mita moja kwa mita moja huchimbwa kwa mwiko wa mwashi, si kwa jembe. Udongo hutolewa kwa hatua, aghalabu sentimita 10 kwa 10 pale ambapo tabaka hazionekani wazi, na hatua zote huchekechwa. Kila mfuko huandikwa jina la mahali, namba ya shimo, kina na tarehe, na kipande cha karatasi chenye maelezo hayo hayo hutiwa ndani, kwa sababu wino wa nje hufutika. Pande za shimo huchorwa katika karatasi ya miraba. Mahali pa shimo hupimwa kwa chombo kinachoongozwa na setilaiti, ambacho leo kimo hata ndani ya simu ya mkononi. Na jioni, kabla ya kulala, daftari huandikwa. Asiyeandika daftari jioni huandika kwa kubuni baada ya miezi miwili.

KIBALI NA HESHIMA

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, inazilinda mali za kale za nchi yetu, na hakuna ruhusa ya kuchimba bila ya leseni. Wapo wanafunzi wanaoiona sheria hiyo kuwa usumbufu wa makaratasi. Si usumbufu. Ni mlango ambao nchi imejiwekea ili kila anayeingia katika ghala ya historia yake ajulikane jina, kazi yake, na mahali vitakapohifadhiwa alivyovitoa.

Lakini leseni peke yake haitoshi. Kijana anapofika kijijini na futi, kamba na chekeche, wenyeji humtazama kwa jicho la shaka. Katika sehemu kadhaa za nchi yetu yapo maneno ya mali iliyofukiwa na Wajerumani walipokuwa wakishindwa vitani, na watu wamechimba usiku, wakabomoa makaburi na miamba, wakitafuta dhahabu ambayo hawakuipata. Basi anayechimba mchana naye hudhaniwa kuwa ni mmoja wao mwenye barua. Dawa yake ni kufika kwanza ofisi ya kijiji, kuwaeleza wazee kinachotafutwa, kuwaajiri vijana wa hapo, na kuwaonyesha wananchi kila jioni kilichotoka shimoni, hata kama ni vigae na makombe matupu. Siri ndiyo inayozaa uvumi.

Vilevile mahali pa kale si lazima pawe pamekufa. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, husifiwa na wageni kwa ukongwe wake. Lakini hapo Kolo, penye jabali la Mongomi, wenyeji wamekuwa wakiendelea na matambiko, ya kuomba mvua na mengineyo. Mwanafunzi anayeingia mahali kama hapo anaingia katika nyumba ya mtu, naye hana budi kubisha hodi.

WAFINYANZI NA WAHUNZI

Tena yafaa mwanafunzi akumbuke kwamba vitabu si mwalimu wake wa pekee. Katuruka, mkoani Kagera, wazee wa Kihaya walikuwa na masimulizi juu ya Mfalme Rugomora Mahe na kazi ya chuma. Peter Schmidt, Mmarekani aliyeyasikiliza masimulizi hayo kwa makini, alichimba pale palipotajwa, akakuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa kale sana, wa Zama za Chuma za Mwanzo. Baadaye, katika miaka ya 1970, wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo waliijenga upya tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti, na mwaka 1978 habari zake zikachapishwa katika jarida la kisayansi linalosomwa dunia nzima. Bila wazee wale, wataalamu wangebaki na vipande vya mifereji ya udongo na takataka za tanuri wasizojua jinsi zilivyotokea.

Hali kadhalika kwa vyungu. Wapo bado akina mama wafinyanzi wanaojua ni udongo upi hupasuka motoni na upi hustahimili, na kwa nini huchanganywa na mchanga. Wana majina ya kila sehemu ya chungu: mdomo, shingo, bega, tumbo, kitako. Mwanafunzi anayetumia siku mbili mbele ya mfinyanzi kabla hajafungua sanduku lake la vigae atavielewa vigae vyake zaidi ya yule aliyesoma kitabu tu. Na ikiwa atayaandika aliyoambiwa, aandike pia kuwa aliambiwa, na kwa ruhusa ya nani.

KUHESABU SI KUPAMBA

Sasa tufike katika hesabu, ambako tasnifu nyingi huanguka. Nitatoa mfano wa kubuni. Mwanafunzi ana vigae 400 kutoka shimo moja. Tabaka za chini zimetoa vigae 180, na 54 kati yake vina nakshi za pembetatu, yaani asilimia 30. Tabaka za juu zimetoa vigae 220, na 11 tu ndivyo vyenye nakshi hizo, yaani asilimia 5. Hapo kuna jambo la kusema: nakshi hizo zilipungua.

Lakini asikimbilie kusherehekea. Chungu kimoja kikianguka huweza kutoa vigae 40. Je, vile 54 si vya vyungu viwili tu vilivyovunjikia pale? Ili kulijua hilo hana budi kuihesabu midomo ya vyungu peke yake, kutafuta vigae vinavyoungana, na kupima uzito wa vigae vyote, si idadi tu. Na kama tabaka moja limetoa vigae vinne, naye akaandika kwamba "asilimia 50 vilikuwa na nakshi", amesema kweli kwa namna ya kumpotosha msomaji, kwa kuwa ni vigae viwili tu. Kwa hiyo kila asilimia iandamane na idadi yake. Ni kanuni ndogo, na aliyezoea kuandika taarifa za mavuno au za mahudhurio ya wanafunzi anaijua vizuri.

Kuhusu umri, kipimo cha kaboni ya mionzi, kilichovumbuliwa na Willard Libby na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1940, huhitaji maabara na fedha ambazo mwanafunzi wa shahada ya kwanza aghalabu hana. Lisimfanye hilo abuni tarehe. Katika mwambao vipo vyombo vya kigeni ambavyo umri wake umekwisha julikana kwingineko, kama vile vyombo vya kijani vya China, na kipande kimoja cha namna hiyo kikikutwa mahali pake panapojulikana huonyesha kwamba tabaka lile halikuwekwa kabla ya chombo kile kutengenezwa. Neno "halikuwekwa kabla ya" ni neno la mtu mkweli. Latosha.

NAMNA YA KUANDIKA

Mwili wa tasnifu ni mwepesi kuuelewa. Kwanza, swali na sababu ya kuliuliza. Pili, waliyoyasema waliotangulia, kwa haki na bila kuwarundika majina. Tatu, mahali na njia iliyotumika, kwa ukamilifu unaomwezesha mtu mwingine kwenda pale pale na kurudia kazi ile ile. Nne, kilichopatikana. Tano, maana yake. Sita, kisichoweza kusemwa kwa ushahidi huu.

Siri ya uandishi huu ni kuitenga sura ya nne na ya tano kwa ukuta imara. Katika sura ya nne mwandishi anasema alichokiona: udongo mwekundu, kina cha sentimita 60, mawe matatu yenye masizi, makombe ya chaza. Katika sura ya tano ndipo anaposema kwamba huenda palikuwa jiko. Anayeandika tangu mwanzo kwamba "tulikuta jiko" amemnyang'anya msomaji haki ya kumpinga, na kazi isiyoweza kupingwa haiwezi pia kuaminiwa.

Na shimo lisilotoa kitu je? Liandikwe. Mwanafunzi aliyetembea kilomita 12 akaangalia mashamba yaliyolimwa asione kigae hata kimoja amepata jibu, nalo ni kwamba mahali hapo, siku hiyo, kwa njia hiyo, hapakuonekana kitu. Anayelificha jibu hilo kwa aibu anamwachia mwenzake aende akapoteze likizo yake pale pale.

Siwezi kuliacha jambo hili bila ya kuwataja wanaoandikiwa tasnifu kwa malipo, au wanaoiachia kompyuta iwatungie kurasa. Mbali na kuwa ni wizi wa shahada, katika akiolojia ubaya wake unazidi. Tasnifu ya kubuni huingiza katika maktaba mahame yasiyokuwapo na vigae ambavyo havikupata kuhesabiwa, na baada ya miaka 20 mtu mwema atavinukuu. Aliyekuandikia hakupiga magoti shimoni, wala kompyuta haikuonja vumbi la chekeche. Hawana cha kushuhudia.

WAJIBU WETU

Kwa nini nayasema haya mbele ya walimu na watumishi wa umma, si mbele ya wanaakiolojia? Kwa sababu ardhi haisubiri. Barabara zinachongwa, mashamba yanapanuka, mchanga unachimbwa kwa ajili ya matofali, na bahari inakula kuta za magofu yaliyo ufukoni. Sisemi maendeleo yasimame. Wananchi wanahitaji barabara na nyumba. Nasema kwamba mahali pengi pa kale patatoweka bila ya kutembelewa na profesa yeyote, na huenda maandishi ya pekee yatakayobaki juu yake yakawa tasnifu ya kijana wa mwaka wa tatu, aliyefika pale kwa basi akiwa na daftari. Ikiwa tasnifu hiyo ni ya kweli, mahali pale pamehifadhiwa kwa kiasi fulani. Ikiwa ni ya kubuni au ya kujisifu, pamepotea mara mbili.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mafunzo ya akiolojia mwaka 1985. Kabla ya hapo kijana wa Kitanzania aliyetaka elimu hiyo alilazimika kwenda nje, na mengi yaliyochimbwa nchini yaliandikwa na watu waliokuja na kuondoka. Leo vijana wetu wanayaandika wenyewe. Nafasi hiyo ilipatikana kwa jasho, nasi tutaipoteza tukiitumia kuandika tunayotamani badala ya tuliyoyaona.

Basi kwenu watumishi wa wilaya na kata, ombi langu ni hili: kijana akija na vibali vyake vilivyo sawa, msimweke siku nne akingoja sahihi, kwa maana siku hizo nne ndizo robo ya muda wake. Mtambulisheni kwa viongozi wa kijiji, na mwombeni aache nakala ya kazi yake itakapokwisha.

Kwenu walimu: mnapoishi ndipo mahame yalipo. Mwanafunzi wa kidato cha pili akileta kigae, msikitupe wala msikiweke dirishani kiwe pambo. Mwulizeni amekitoa wapi hasa, mwandikisheni, mwambieni asiendelee kufukua, na pelekeni habari kwa wahusika wa Mambo ya Kale.

Na kwenu mtakaoandika: tasnifu zenu zitakuwa za Kiingereza kama taratibu za vyuo zinavyotaka. Lakini andikeni pia kurasa tano za Kiswahili safi, zenye ramani na picha, mzipeleke katika shule ya kijiji mlichokifanyia kazi. Wale waliowapa maji ya kunywa na kuwaonyesha njia wana haki ya kusoma mlichokikuta chini ya mashamba yao. Na wakisoma kwamba hamkukuta kasri wala dhahabu, ila jiko, vigae 400 na makombe ya chaza, waacheni wasome hivyo hivyo. Ndivyo ilivyokuwa.